Tulivyofundishwa Tukiimba: Misheni, Shule na Kwaya Katika Nyanza Kusini



Kwaya yetu ilianza mwaka 2000, mwaka wa Jubilei Kuu, na katika mwaka huu wa Jubilei wa 2025 tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka 25. Majina ya wenyekiti na walimu waliotuongoza, pamoja na orodha ya nyimbo tulizorekodi, yamo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Kurasa hizi tumezitenga kwa swali moja ambalo liliibuka tulipokuwa tukikusanya historia yetu: tulipataje kuamini haya tunayoyaamini?

Hatusemi juu ya Kanuni ya Imani tunayoikiri kila Jumapili. Tunasema juu ya mambo madogo ya kila siku: siku gani ni ya mapumziko, jina gani linamfaa mtoto, ngoma ipigwe wapi, mgonjwa apelekwe kwa nani kwanza, mjane aingie nyumba ya nani, na binti aliyepata mimba akae wapi kanisani. Kila mmoja wetu hudhani ameyaamua haya mwenyewe. Lakini ukiifuata historia ya Nyanza Kusini, yaani kaunti zetu za Homa Bay na Migori, utaona kwamba mengi tuliyakuta yamekwisha kuamuliwa. Yaliamuliwa na ukoo, na misheni, na shule, na hospitali. Mengine yaliamuliwa na kwaya.

Misheni iliyokuwa karibu

Mwaka 1906 mmisionari Mwadventista kutoka Kanada, Arthur Carscallen, alivuka ghuba kutoka Kisumu pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Walijenga kituo katika kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Mwaka huohuo Waanglikana walianzisha shule ya Maseno. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill, waliokuwa wamepitia Uganda na kufika Kisumu, walifungua kituo cha Nyabururu katika nchi ya Wakisii mwaka 1911, na baadaye wakawa na Asumbi, kati ya Homa Bay na Rongo. Waadventista nao walisogea hadi Kamagambo.

Sasa tazameni ramani ya leo. Upande wa Karachuonyo, penye Gendia, kuna Waadventista wengi, na Jumamosi maduka mengi hufungwa. Ukipanda kuelekea Rangwe na Asumbi, kengele inalia Jumapili. Karibu na Kamagambo Sabato imeshika tena, na ukifika Rapogi unarudi kwa Wakatoliki. Mababu zetu hawakukaa chini wakalinganisha mafundisho ya madhehebu kisha wakachagua. Mtoto alikwenda kwenye shule aliyoweza kuifikia kwa miguu na kurudi kabla ya giza. Shule hiyo ilikuwa ya misheni fulani, na misheni hiyo ilikuwa na siku yake, vitabu vyake na nyimbo zake. Miaka 30 baadaye wajukuu wakawa wanabishana sokoni kuhusu siku ya Bwana, kila mmoja akiwa na hakika kabisa.

Hatuyasemi haya ili kuidharau imani ya mtu yeyote. Mungu hutumia njia, na njia ya mguu ni njia mojawapo. Tunayasema ili tukumbuke kwamba jirani yetu anayepumzika Jumamosi angeweza kuwa sisi, na sisi tungeweza kuwa yeye, kama babu angezaliwa ng'ambo ya pili ya mto.

Msomi na nguo yake

Katika lugha ya Dholuo Mkristo wa kwanza aliitwa msomi, kwa maana kuingia dini na kujifunza kusoma lilikuwa jambo moja. Ubatizo ulikuja pamoja na kitabu, kalamu ya mawe, shati na jina. Mtoto aliyezaliwa usiku akaitwa Otieno, au aliyezaliwa asubuhi akaitwa Akinyi, alipewa na jina la pili: Yohana, Petro, Maria. Leo hakuna anayeona ajabu kuwa na majina hayo mawili kwenye kitambulisho. Lakini mtu aliyebatizwa miaka ya 1920 alijua vizuri kwamba kila jina lilikuwa na nyumba yake: moja aliitwa na bibi yake, jingine aliitwa na mwalimu.

Fikirieni pia meno. Zamani kijana wa Kiluo aling'olewa meno sita ya chini, na bila hayo hakuhesabiwa mtu mzima. Leo desturi hiyo tunaiona kwa wazee wachache sana. Haikupigwa marufuku kwa vita. Shule na misheni ziliifanya ionekane ya kale, na kizazi kimoja cha wazazi kikaacha kuwapeleka watoto. Lililokuwa fahari likawa aibu, na aliyeona aibu alidhani ni moyo wake mwenyewe unaomwambia.

Lugha nayo ilipita njia hiyohiyo. Wasuba wa Rusinga, Mfangano na Gwassi walikuwa na lugha yao, ndugu wa lugha za Kibantu kama Kiganda na Kikuria. Kwa ndoa na biashara walikuwa wameanza kuchanganyika na Waluo tangu zamani. Kisha shule na makanisa yakaja na vitabu vya Dholuo. Mtoto wa Kisuba alijifunza kusoma, kusali na kuimba kwa Dholuo, na mama akaona afadhali amzoeze nyumbani lugha ya darasani. Hakuna aliyetoa amri kwamba Kisuba kife. Kitabu cha sala kilitosha. Nasi huku Migori, tunakokaa pamoja Waluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya na Wakisii, tunaimba sana Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo hakuna anayekuwa mgeni ndani yake. Hata hilo tulilikuta, kwa kuwa liliamuliwa na mji wenyewe, soko lake na barabara ya kwenda Isebania.

Ngoma ileile

Mfano unaotuhusu zaidi sisi waimbaji ni ngoma. Katika miongo ya kwanza ya misheni Misa iliimbwa kwa Kilatini, na nyimbo nyingine zilikuwa za Ulaya zilizotiwa maneno ya kwetu. Ngoma, nyatiti na orutu vilibaki nje ya mlango. Vilihusishwa na pombe, matambiko na dansi za usiku, na mwanakwaya aliyeonekana akicheza ngoma kwenye matanga aliitwa mbele ya katekista. Wazee wetu waliamini kwa dhati kwamba ngoma haimpendezi Mungu.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati kuhusu Liturujia. Ilifungua mlango kwa lugha za watu katika ibada, na ikasema kwamba muziki wa mataifa yanayoinjilishwa uheshimiwe na upewe nafasi yake. Ilikuwa wiki moja tu kabla ya Kenya kupata uhuru. Katika miaka iliyofuata ngoma na kayamba viliingia kanisani, tungo za Kiswahili kutoka Tanzania zikavuka mpaka, na watu wakaanza kucheza wakati wa matoleo. Mtoto aliyebatizwa miaka ya 1980 hawezi hata kuwazia Misa ya Pasaka bila ngoma. Ukimwambia kwamba bibi yake aliiona kuwa ya shetani, atacheka.

Ngozi ni ileile ya ng'ombe, na mti ni uleule. Kilichobadilika ni chombo kinachosema lipi ni takatifu na lipi si takatifu. Kanisa liliposema hapana, tuliona ubaya ndani ya ngoma. Liliposema ndiyo, tukasikia utukufu ndani yake. Na hata leo, kilomita chache kutoka hapa, jirani zetu Waadventista wanaimba kwa sauti nne nzuri bila kugonga ngoma hata moja, nao wana amani na jambo hilo.

Isidhaniwe basi kwamba watu ni udongo tu mikononi mwa taasisi. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1960, katika eneo letu hili, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko waliongoza kundi kubwa lililotoka katika Kanisa Katoliki na kuwa Legio Maria. Watu walitaka uponyaji, unabii, na nafasi ya mwanamke ambayo hawakuiona parokiani. Walitoka, lakini waliondoka na kanzu, rozari na maneno ya Kilatini. Hadi leo Kilatini kinasikika katika ibada zao huko Got Kwer, wakati sisi tuliobaki tumekiacha kwa kiasi kikubwa. Mtu anaweza kuihama nyumba, na bado ile nyumba ikaendelea kukaa ndani yake.

Miaka ya mazishi

Kwaya yetu ilianza katika wakati mgumu. Novemba 1999 Rais Moi alikuwa ametangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, na hakuna sehemu ya Kenya iliyoumia kuliko pande hizi za ziwa. Daftari letu la kwanza la mahudhurio linaeleza lenyewe. Katika safu ya mazoezi ya Ijumaa limeandikwa mara kwa mara neno moja: mazishi. Tulijifunza nyimbo za marehemu kabla hatujajua vizuri nyimbo za Noeli.

Mtu alipokonda na kuugua muda mrefu, taasisi tatu zilimweleza ugonjwa wake. Ukoo ulisema ni chira, laana inayomwandama aliyevunja miiko: labda mjane hakurithiwa, labda mdogo alijenga kabla ya mkubwa. Baadhi ya mimbari zilisema ni mshahara wa dhambi. Hospitali ilisema ni virusi. Kila maelezo yalikuwa na njia yake ya kufuata. Aliyeamini chira alitafuta dawa ya manyasi na kukamilisha desturi. Aliyeamini adhabu alijificha. Aliyeamini virusi alikwenda kupima, lakini kwa miaka mingi hata huyo hakuwa na cha kupewa baada ya kupimwa.

Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wameanza kazi katika hospitali ya Homa Bay mwaka 1996. Mwaka 2001 walianza kutoa pale dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo, wakiwa miongoni mwa wa kwanza kufanya hivyo katika hospitali ya umma nchini Kenya. Hospitali za misheni, kama ile ya Mtakatifu Kamili huko Karungu, nazo zilibeba mzigo mkubwa wa wagonjwa na yatima. Hapo ndipo imani ilipoanza kugeuka. Mahubiri dhidi ya chira yalikuwa yamesikika kwa miaka mingi bila kuing'oa. Mtu aliyebebwa kwenye machela akarudi sokoni akiuza samaki alifundisha zaidi.

Mwaka 2008 tulishuhudia jambo jingine ambalo wazee wetu wasingeliamini. Serikali ilianza mpango wa tohara ya hiari kwa wanaume katika Nyanza ili kupunguza maambukizi. Waluo hawakuwa na desturi hiyo, na Baraza la Wazee wa Luo mwanzoni lilisita. Baada ya mazungumzo, wazee hawakuliweka katika mila. Walikubali lichukuliwe kama suala la afya, na kila mwanamume aamue mwenyewe. Wanaume wengi sana walijitokeza katika miaka iliyofuata. Kila mmoja aliamua kwa hiari, ni kweli, lakini hiari hiyo ilipata nafasi kwa sababu wazee hawakusimama mlangoni.

Safari haijaisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 20 kati ya 100 Homa Bay, na takriban 13 kati ya 100 Migori, walikuwa wakiishi na virusi, wakati wastani wa Kenya ulikuwa chini ya 5. Lakini wanaishi. Wengine wao wanaimba.

Na kwaya ilifanya nini katika miaka hiyo? Tungependa kusema tulihubiri, lakini daftari halisemi hivyo. Linasema kwamba mazoezi ya Jumatano yalikuwa yakifanyika kwa zamu nyumbani kwa wanakwaya. Wanakwaya kadhaa walikuwa wajane ambao hawakurithiwa. Kwa mujibu wa mila, mjane wa namna hiyo alibeba uzito: watu waliogopa aingie nyumbani mwao, na wao waliogopa kula kwake. Zamu ilipofika kwa mama wa kwanza, tulikwenda, kwa sababu lilikuwa zamu yake na ratiba ilikuwa imebandikwa. Tukaimba, tukanywa uji, tukaondoka. Hakuna aliyepatwa na chira. Mwezi uliofuata tukaenda kwa wa pili. Hakuna azimio lililopitishwa juu ya urithi wa wajane. Ratiba tu ilifuatwa, na kidogo kidogo woga ukachakaa kama sare ya zamani.

Kanuni ambayo hakuna aliyeiandika

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike kurasa hizi. Kama taasisi inaweza kuondoa woga bila kutangaza, inaweza pia kuweka adhabu bila kutangaza.

Kwa ajili ya jubilei tulisoma upya katiba ya kwaya na daftari zote za mikutano. Katiba inaeleza ada ya mwezi, sare, faini ya kuchelewa mazoezi, utaratibu wa uchaguzi na mchango wa mwanakwaya akifiwa. Hakuna kifungu kinachosema kwamba msichana akipata mimba aache kuimba. Hakuna mkutano uliowahi kulipitisha hilo. Hata hivyo kila mtu katika kwaya za pande hizi anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Msichana hukosa mazoezi mawili, kisha sare yake inapewa mwingine, kisha anaonekana kwenye benchi la nyuma kabisa, kisha haonekani. Akijifungua harudi. Na kama aliyempa mimba ni mwanakwaya, Jumapili inayofuata anaimba besi kama kawaida.

Jambo hili si dogo kwetu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Homa Bay na Migori, wasichana 23 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Wastani wa nchi ulikuwa 15. Shuleni, Serikali iliruhusu tangu mwaka 1994 msichana aliyejifungua arudi darasani, na mwongozo wa mwaka 2020 ukalieleza hilo kwa urefu zaidi. Sisi tulio walimu tunajua kwamba sera hiyo haitekelezwi vizuri kila mahali. Lakini angalau imeandikwa, na mzazi anaweza kuishika mkononi akamwonyesha mwalimu mkuu. Kwa hiyo msichana wa leo ana karatasi inayomrudisha kwenye somo la hesabu, na hana hata neno moja linalomrudisha kwenye sauti ya kwanza.

Wapo wazazi wetu wanaosema kwamba kumrudisha mapema ni kuwaambia wadogo zake kwamba hakuna kosa. Hoja hiyo ni ya watu wanaowapenda watoto wao, na ni lazima isikilizwe. Tunaijibu kwa mambo matatu. Kwanza, Kanisa lina njia yake ya toba, nayo ina mwisho: mtu huungama, hupewa malipizi, hurudi mezani. Benchi la nyuma halina mwisho. Pili, adhabu inayompata binti peke yake huwafundisha wavulana kwamba wao hawahusiki, na funzo hilo wanalishika vizuri kuliko mahubiri yoyote. Tatu, msichana anapopoteza kwaya hapotezi nyimbo tu. Anapoteza akina mama 20 wanaomjua kwa jina, wanaoweza kugundua kwamba ana njaa, au kwamba anapigwa, au kwamba karo imekosekana. Anabaki na ufuo na bodaboda.

Kwa sababu hiyo kamati imeweka katika ajenda ya mkutano mkuu, utakaofanyika baada ya sherehe hizi, pendekezo la kuongeza kifungu kimoja katika katiba: mwanakwaya aliyepata mimba hatafutwa, sare yake itatunzwa, na baada ya kujifungua atapokelewa katika sauti yake, na ikiwa baba wa mtoto ni mwanakwaya, kamati na padre wataketi naye kama wanavyoketi na binti. Wanachama wote waliolipa ada wana kura. Tunaomba kila mmoja aje akiwa amewaza, na wanaopinga wasibaki nyumbani. Wazazi wa jumuiya wasio wanachama wanaweza kutuletea maoni yao kupitia wenyeviti wa jumuiya.

Miaka 25 ijayo

Waliojenga Gendia na Asumbi hawakujua kwamba walikuwa wakipanga siku ya soko la wajukuu zetu. Waliofungia ngoma nje hawakujua kwamba ingerudi. Wazee wa kwaya waliobandika ratiba ya zamu ukutani hawakujua kwamba walikuwa wakiwafungulia wajane milango. Nasi hatujui lipi kati ya mazoea yetu ya leo litakuwa dini ya mtoto anayekaa sasa kwenye benchi la mbele, akitazama nani anaimba na nani haimbi. Tunajua tu kwamba anatazama.

Mkutano mkuu utaanza saa nane alasiri katika ukumbi wa parokia, Jumapili inayofuata sherehe hizi. Mtakaochelewa, faini ni ileile.



Katibu, kwa niaba ya kwaya